Je, wajua kwa nini kipimo cha lupus hutoka chanya kwa mtu asiye na lupus?

Karatasi ya majibu imeandikwa "ANA: chanya, 1:160". Mwenye karatasi anafungua simu, anatafuta, na kabla hajafika kituo cha daladala keshajipa ugonjwa wa maisha. Kumbe huenda hana kitu. Kipimo cha ANA hakikuwahi kutafuta lupus.

Lupus ni kinga ya mwili kuugeukia mwili wenyewe. Huwapata zaidi wanawake, takriban tisa kwa kila mwanamume mmoja, hasa walio katika umri wa kuzaa. Dalili zake zimetawanyika hata zinachosha: uchovu, homa isiyo malaria wala taifodi, viungo kuuma na kuvimba, vidonda mdomoni ambavyo mara nyingi haviumi, nywele kunyonyoka, upele wa mashavuni unaochochewa na jua, na kimyakimya kuliko yote, figo kuvujisha protini kwenye mkojo. Hakuna dalili hata moja ambayo ni mali ya lupus peke yake, ndiyo maana watu hukimbilia damu wakitumaini itasema neno la mwisho.

Damu haisemi neno la mwisho. Kinachotafutwa na ANA ni kingamwili, yaani protini za kinga ya mwili, zozote zinazonata kwenye vitu vilivyomo ndani ya kiini cha seli. Mtaalamu wa maabara huchukua kioo chembamba chenye seli za binadamu, hudondoshea seramu, yaani majimaji ya damu yasiyo na seli, ya mgonjwa, husubiri, huosha, kisha huongeza kingamwili ya pili iliyofungwa rangi inayong'aa. Kama kuna kilichonata, hadubini huonyesha viini vya kijani vikiwaka gizani: vingine vimejaa rangi sawasawa, vingine vina madoadoa, vingine vina vitone vichache tu. Kama hakuna kilichonata, ni giza.

Seli zenyewe zina kisa chao. Huitwa HEp-2, na kwa miaka mingi zimeelezwa kuwa zilitokana na saratani ya koo la sauti. Uchunguzi wa vinasaba ulipofanyika baadaye, zilionekana kuwa ni seli za HeLa zilizovamia chupa na kuchukua nafasi, yaani kizazi cha uvimbe wa Henrietta Lacks, aliyefariki Baltimore mwaka 1951. Maabara hazikujali sana. Viini vya seli hizo ni vikubwa, nazo hugawanyika kwa wingi, na hicho ndicho kilichotakiwa.

Sasa hiyo 1:160. Wengi huisoma kama asilimia, na wengine hudhani 1:320 ni ndogo kuliko 1:80 kwa sababu sehemu imegawanywa zaidi. Fikiria sufuria ya mchuzi iliyotiwa pilipili mbuzi. Unachota kikombe kimoja, unakizimua kwa kikombe cha maji, unaonja. Bado inawasha. Unachukua nusu ya huo, unazimua tena kwa maji sawa, unaonja. Unaendelea hivyo mpaka ulimi usisikie kitu. Mchuzi wa pilipili kidogo hunyamaza mapema. Uliokithiri huwasha hata ukishazimuliwa mara mia kadhaa. Namba ya ANA ni mahali ambapo seramu iliwaka kwa mara ya mwisho, kwa hiyo 1:640 ni kali kuliko 1:80. Ila ulimi unakuambia pilipili ipo, na ipo kiasi gani. Haukuambii nani aliitia, wala kama itakuumiza tumbo.

Na pilipili kidogo ipo kwenye masufuria mengi. Utafiti uliochapishwa mwaka 1997, uliohusisha maabara 15, ulikuta kwamba miongoni mwa watu wenye afya asilimia 31.7 walikuwa chanya katika 1:40, asilimia 13.3 katika 1:80, na asilimia 5 katika 1:160. Kundi la wapimwaji halikuwa kubwa, kwa hiyo namba hizo zisichukuliwe kama sheria, lakini sura yake imebaki ileile. Sasa piga hesabu. Tuseme, kwa ukarimu, kwamba mtu mmoja kati ya 1,000 ana lupus. Ukiwapima wote 1,000 bila kuchagua, katika 1:160 utapata chanya wapatao 50 wasio na lupus, kwa ajili ya huyo mmoja. Ndiyo maana kumpima ANA mtu anayelalamika uchovu tu ni kutafuta matatizo.

Hao wengine chanya yao inatoka wapi? Ugonjwa wa tezi ya shingo, umri mkubwa, kuwa na ndugu mwenye lupus, maambukizi ya muda mrefu, na dawa, isoniazidi ya kifua kikuu ikiwamo. Malaria nayo inaweza kuzalisha kingamwili za aina hii, na hapo mambo yanakuwa ya ajabu. Mwaka 1968 daktari Brian Greenwood aliandika kwamba magonjwa ya kinga kujishambulia yalionekana kuwa adimu Nigeria, akashuku kwamba vimelea ndio huyazuia. Mwaka 1970 yeye na wenzake walionyesha kwamba panya wa maabara wenye asili ya ugonjwa unaofanana na lupus, wakiambukizwa malaria, ugonjwa wao ulizuiwa. Hao ni panya. Kwa binadamu ushahidi ni mwembamba, na pale ambapo madaktari bingwa wa magonjwa haya ni wachache, ugonjwa kutoonekana si sawa na kutokuwepo.

Kipimo hiki kina kazi yake lakini, nayo ni ya upande wa pili. Takriban watu 98 kati ya 100 wenye lupus huwa chanya katika 1:80 au zaidi, kwa hiyo hasi karibu inaufuta ugonjwa. Vigezo vya kimataifa vya mwaka 2019, ambavyo vilitungwa kwa ajili ya utafiti ingawa madaktari huviegemea, vinaichukulia ANA kama mlango tu. Haina alama hata moja. Alama 10 zinazohitajika hutoka kwingine: homa 2, viungo 6, protini nyingi kwenye mkojo 4, na kadhalika.

Kingamwili zenye uzito ni nyingine. Anti-Sm, iliyoelezwa mwaka 1966 na kupewa herufi mbili za kwanza za jina la mgonjwa, ikionekana karibu inathibitisha, lakini wagonjwa wengi hawana. Anti-dsDNA, inayonata kwenye vinasaba vyenyewe, ina alama 6, na mara nyingi hupanda figo zinaposhambuliwa. Njia mojawapo ya kuitafuta hutumia Crithidia luciliae, kimelea cha nzi, ndugu wa mbali wa wale wa malale. Hamdhuru binadamu. Kimelea huyo ana kifuko kidogo kilichosheheni vinasaba visivyochanganyika na protini za kiini, kwa hiyo kikiwaka, jibu halina utata mwingi.

Lupus ikishathibitishwa, ANA hairudiwi, kwani haifuati kupanda na kushuka kwa ugonjwa. Kinachorudiwa ni anti-dsDNA, protini za damu ziitwazo C3 na C4 ambazo hupungua ugonjwa ukichachamaa, na mkojo, ambao ndio rahisi kuliko vyote na ndio husahaulika.