Kadi ya bima inaishia wapi kwa mtoto mwenye seli mundu

Mzazi wa Mwanza mwenye mtoto wa seli mundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, huzijua hospitali mbili za jijini: Sekou Toure, ya rufaa ya mkoa, na Bugando, ya rufaa ya kanda. Kwa gari ni mwendo mfupi. Kwa kadi ya CHF iliyoboreshwa, yaani bima ya kaya ya Mfuko wa Afya ya Jamii, katikati yake pana ukuta. Kaya ya watu hadi sita imekuwa ikichangia shilingi 30,000 kwa mwaka na kutibiwa kuanzia zahanati hadi hospitali ya mkoa. Mtoto akipewa rufaa ya Bugando, gharama zinarudi mfukoni mwa mzazi.

Kwa hiyo kuuliza tu kama mtoto ana bima hakutoshi. Uliza bima hiyo inaishia ngazi gani, inalipia dawa zipi, na ni nini kinaweza kuikata katikati ya mwaka. Malaria ya siku tatu haikuoneshi tofauti hizo. Ugonjwa wa maisha yote utakuonesha.

Mtoto wa seli mundu hulindwa zaidi na siku za kliniki kuliko siku za wodini. Penisilini ya kunywa mara mbili kwa siku, kwa kawaida hadi afikishe miaka 5, humkinga na bakteria wanaoua haraka kwa sababu bandama yake haifanyi kazi sawasawa. Kuna foliki asidi, chandarua na kinga ya malaria. Halafu kuna haidroksiyurea, ambayo kwa watoto wengi hupunguza maumivu makali na haja ya kuongezewa damu. Huanza kwa miligramu 15 hadi 20 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, hivyo mtoto wa kilo 18 huhitaji takriban 270 hadi 360. Kapsuli iliyozoeleka ina miligramu 500. Mpango wa kuitumia lazima utoke kwa daktari au mfamasia, maana kukadiria nyumbani ni hatari: ikizidi inashusha chembe za damu, ikipungua haisaidii. Ndiyo sababu kipimo cha picha kamili ya damu hurudiwa mara kwa mara, hasa miezi ya mwanzo.

Hapa ndipo aina ya kadi inapogeuka kuwa afya. Dawa hii huchukua miezi kadhaa kuonesha nguvu yake yote, na mtoto akiikosa kwa wiki chache faida huanza kupotea. Kadi inayolipia kulazwa lakini ikamwacha mzazi anunue dawa na vipimo humleta mtoto hospitalini akiwa ameshazidiwa.

Umri nao una mtego wake. Sera ya nchi inamhudumia bure mtoto wa chini ya miaka 5 katika vituo vya umma, na wazazi wengi huahirisha bima kwa sababu hiyo. Siku anapotimiza miaka 5 ugonjwa haujui kwamba msamaha umekwisha.

Bima ya mwajiriwa kupitia NHIF, yaani Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ambayo mchango wake ni asilimia 6 ya mshahara, hufika hata hospitali ya kanda. Udhaifu wake ni ajira yenyewe: mzazi akiachishwa kazi, kadi ya mtoto nayo hukoma. Bima binafsi zinahitaji macho zaidi. Baadhi haziwalipii waliokuwa wagonjwa kabla ya kujiunga, au magonjwa ya kurithi, na seli mundu ni vyote viwili. Soma ukurasa wa mambo yasiyolipiwa kabla ya ule wenye picha nzuri.

Kuhusu Toto Afya Kadi, bima ya watoto ya NHIF, Machi 2023 Mfuko huo ulisitisha kumsajili mtoto mmoja mmoja. Tatizo lake linaeleweka: watu wakikata bima mtoto akishaugua tu, michango haitoshi kulipia matibabu. Taratibu zimebadilika baadaye, hivyo ulizia ofisi ya Mfuko iliyo karibu, usitegemee alichosikia jirani.

Tusiibebeshe kadi kila kitu. Marekani, watoto wagonjwa wenye Medicaid wameonekana katika tafiti nyingi kufika chumba cha dharura zaidi ya wenye bima binafsi, lakini Medicaid ni bima ya wenye kipato kidogo, na umaskini wenyewe unaumiza. Huku kwetu umbali hufanya kazi hiyohiyo. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limeondoa foleni ya kivuko kwa watu wa Sengerema. Anayetoka kisiwa cha Ukerewe bado anangoja meli, na nauli yake hailipwi na kadi.

Kabla ya kwenda kliniki, hakiki kama kadi iko hai na itaisha lini. Anza kuihuisha mwezi mmoja kabla. Pitia kituo cha ngazi ya chini upate barua ya rufaa, kwani ukiruka ngazi unaweza kudaiwa taslimu. Dawa isipokuwepo dirishani, usiondoke kimya: omba fomu ya kuichukulia duka la dawa lililosajiliwa na bima yako. Ukikwama kulipa, mtafute afisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla bili haijakua.

Ila mtoto akipata homa ya nyuzi 38 au zaidi, kifua kikabana, upande mmoja wa mwili ukalegea, au tumbo likavimba upande wa kushoto huku akipauka, nenda kituo cha karibu saa hiyohiyo. Kadi itafuata.