Stormont ikikwama, baraza la wilaya hufanya nini?

Baraza la wilaya huko Ireland ya Kaskazini ni chombo cha madiwani waliochaguliwa kusimamia huduma za karibu na mlango wa mwananchi: kuzoa taka, bustani, mabwawa ya kuogelea, makaburi, ukaguzi wa majengo na wa usafi wa mikahawa, vyeti vya kuzaliwa na vya vifo, mbwa wanaozurura. Tangu Aprili 2015 mabaraza haya hutoa pia vibali vingi vya ujenzi. Yapo 11, na madiwani wote ni 462. Belfast peke yake ina 60.

Kwa siku za kawaida maelezo hayo yanatosha. Lakini watu huanza kuuliza kuhusu mabaraza pale serikali iliyo juu yake, Stormont, inapozima taa, na huko imezima mara nyingi.

Kwanza neno lenyewe. Aliyelizoea neno "ugatuzi" kupitia kaunti 47 za Kenya atapotea kidogo hapa, kwa sababu nchini Kenya kaunti ndiyo serikali ya ugatuzi. Ireland ya Kaskazini ina ngazi tatu. Juu kabisa ni London, yaani serikali ya Uingereza. Katikati ni serikali ya ugatuzi, yaani Bunge na mawaziri wake, ambayo watu huiita tu Stormont kwa jina la mahali inapokaa, mashariki mwa Belfast. Baraza la wilaya liko chini ya hiyo ya katikati. Shule, hospitali, barabara, maji na nyumba za umma si kazi ya diwani. Ni za Stormont na taasisi zake.

Stormont hukwama kwa sababu ya namna ilivyoundwa. Makubaliano ya Ijumaa Kuu ya tarehe 10 Aprili 1998 yaliweka kanuni ya kugawana madaraka kati ya wanaotaka kubaki ndani ya Uingereza na wanaotaka Ireland moja. Kuna Waziri wa Kwanza na kuna Naibu Waziri wa Kwanza. Hilo neno "naibu" linadanganya: wana mamlaka sawasawa, na mmoja akijiuzulu mwenzake naye anapoteza kiti. Kwa hiyo chama kimoja kikubwa kikiamua kususa, nyumba nzima inafungwa.

Januari 2017 alijiuzulu Naibu Waziri wa Kwanza, Martin McGuinness wa Sinn Féin, chama cha wanaotaka Ireland moja, kufuatia kashfa ya mpango wa ruzuku ya kupasha joto majengo. Mpango huo ulilipa ruzuku kubwa kuliko bei ya kuni zenyewe, hivyo kadiri mtu alivyochoma kuni ndivyo alivyopata pesa. Stormont ikafungwa miaka mitatu, hadi Januari 2020. Februari 2022 ikawa zamu ya Waziri wa Kwanza, Paul Givan wa DUP, chama cha wanaotaka kubaki Uingereza, safari hii kwa hasira ya mpango wa biashara baada ya Brexit uliowekea ukaguzi bidhaa zinazotoka sehemu nyingine za Uingereza kwenda Ireland ya Kaskazini. Ikafungwa tena miaka miwili. Kabla ya hapo ilikuwa imesimamishwa kuanzia Oktoba 2002 hadi Mei 2007.

Mtu angetarajia kwamba mabaraza, kwa kuwa ndiyo yaliyobaki na watu waliopigiwa kura, yangeshika usukani. Hayashiki, na sheria haiyaruhusu. Udogo wao ulipangwa makusudi, na sababu zake zinarudi miaka ya 1960.

Wakati ule mabaraza yalikuwa na nguvu, hasa ya kugawa nyumba. Katika mji wa Derry Wakatoliki, ambao wengi wao walitaka Ireland moja, walikuwa wengi, lakini mipaka ya kata ilikatwa kwa namna iliyowapa viti vingi zaidi Waprotestanti, ambao wengi wao walitaka kubaki Uingereza. Juni 1968, katika kijiji cha Caledon, nyumba ya baraza alipewa msichana Mprotestanti wa miaka 19 asiye na mume, huku familia za Kikatoliki zenye watoto zikisubiri. Mbunge Austin Currie akaingia ndani ya nyumba hiyo na kugoma kutoka. Tukio hilo lilikuwa moja ya cheche za harakati za haki za kiraia. Serikali ikaona dawa ni kuyapokonya mabaraza kila kitu kinachoweza kugawanywa kwa upendeleo. Nyumba zikahamishiwa chombo kimoja cha eneo zima mwaka 1971. Ripoti ya Patrick Macrory ya mwaka 1970 ikapendekeza mabaraza madogo ya kazi ndogondogo, na mambo mazito yabebwe na bunge la Stormont la wakati ule.

Kisha bunge lenyewe likaondolewa. London ililisimamisha Machi 1972, kabla mabaraza mapya 26 hayajaanza kazi mwaka 1973. Mpango wa Macrory ulitegemea nguzo mbili, na moja iling'olewa ujenzi ukiendelea. Wataalamu wa siasa za huko huuita uwazi huo "pengo la Macrory": mambo makubwa yalitolewa kwa madiwani yakapelekwa kwa wabunge ambao hawapo, yakaishia mikononi mwa mawaziri kutoka London na watumishi wa umma ambao hakuna mkazi wa Derry wala Belfast aliyewapigia kura. Kila Stormont inapokwama, pengo lilelile hufunguka upya. Mageuzi ya 2015 yaliyopunguza mabaraza kutoka 26 hadi 11 yaliyaongezea kazi, lakini hayakuliziba.

Basi wakati wa mkwamo baraza linafanya nini hasa? Linaendelea na yaliyo yake. Taka zinazolewa, harusi zinasajiliwa, vibali vya nyumba na maduka vinajadiliwa na kupitishwa. Jambo gumu huanza pale kazi ya baraza inapohitaji sahihi ya waziri.

Mfano mzuri ni tanuri la taka la Hightown, kaskazini mwa Belfast. Mabaraza sita yaliungana kutafuta mahali pa kuchakata taka zao. Kwa kuwa mradi ulikuwa mkubwa kiasi cha kugusa eneo zima, kibali chake hakikuwa cha madiwani. Kilikuwa cha wizara. Septemba 2017, bila waziri ofisini, mtumishi wa umma wa ngazi ya juu akakitoa. Wapinzani wa mradi wakaenda mahakamani. Mei 2018 Mahakama Kuu ikasema uamuzi wa uzito huo haufanywi na mtumishi peke yake, na Julai Mahakama ya Rufaa ikakubaliana nayo. Athari yake ilivuka mbali suala la taka: ghafla kila katibu wa wizara akaogopa kalamu yake. Ilibidi London ipitishe sheria Novemba 2018 kuwaruhusu watumishi kuamua baadhi ya mambo kwa masilahi ya umma. Kwa maneno mengine, mkwamo wa juu huteremka hadi kwenye pipa la taka.

Pesa nazo zina mkanganyiko wake. Mwenye nyumba hupata ankara moja ya kodi ya jengo, lakini ndani yake mna sehemu mbili. Sehemu ya wilaya hupangwa na madiwani, kila mwaka kabla ya tarehe 15 Februari. Sehemu ya eneo zima hupangwa na Stormont. Stormont isipokuwepo, ile ya wilaya hupangwa kama kawaida, na ile nyingine husubiri London itunge sheria, kama ilivyofanya mwaka 2017 na 2018. Mlipaji haoni tofauti. Kiasi kikipanda, anayegongewa mlango ni diwani, kwa sababu ndiye aliye jirani.

Kuna kazi nyingine ambayo haimo katika orodha yoyote ya sheria, nayo ni kuzungumza. Bunge likifungwa, ukumbi wa baraza ndio mahali pekee ndani ya Ireland ya Kaskazini ambapo mwanasiasa aliyechaguliwa husimama, akahojiwa, na maneno yake yakaandikwa katika kumbukumbu. Madiwani hupitisha maazimio kuhusu foleni za hospitali na mishahara ya walimu, mambo wasiyo na mamlaka nayo hata kidogo. Wengine huona huko ni kupoteza muda. Mimi siwalaumu madiwani hao, maana mtu mwenye maumivu hupeleka kilio chake palipo na mlango wazi. Wakati mwingine sauti hiyo huzaa kitu: Machi 2019, Stormont ikiwa imefungwa, mabaraza sita ya ukanda wa Belfast yalitia sahihi na serikali ya London msingi wa mkataba wa uwekezaji wa eneo lao.

Hata uchaguzi wa madiwani hubeba mzigo usio wake. Chaguzi mbili zilizofuatana, wa Mei 2019 na wa Mei 2023, zilifanyika Stormont ikiwa haifanyi kazi. Huu wa pili ulisogezwa hadi tarehe 18 kupisha kutawazwa kwa Mfalme Charles, na wapiga kura wengi waliutumia kutoa hukumu juu ya mkwamo kuliko juu ya bustani na taka. Sinn Féin ilipata viti 144 na kuwa chama kikubwa kuliko vyote mabarazani, jambo lililokuwa halijatokea kabla.

Lakini mabaraza nayo yamewahi kugoma. Baada ya mkataba wa Novemba 1985 kati ya Uingereza na Ireland, mabaraza yaliyoongozwa na wanaotaka kubaki Uingereza yaliahirisha vikao na kukataa kupanga kodi, na kwenye jengo la baraza la Belfast likatundikwa bango la kusema hapana. Ilihitajika mahakama kuwarudisha kazini. Mgomo ule ni ukumbusho kwamba madiwani ni wa vyama vilevile vinavyofunga Stormont.

Stormont ilifunguliwa tena tarehe 3 Februari 2024, Michelle O'Neill akiwa Waziri wa Kwanza na Emma Little-Pengelly Naibu wake. Magazeti yalijaa picha zao. Mabarazani, madiwani walikuwa wamebakiwa na siku 12 za kupanga kodi ya mwaka.