Je, wajua? Kwa nini nyumba yenye moto ndani haizami juu ya ziwa lililoganda

Juzi nilirusha kwenye grupu la familia picha ya kibanda cha mbao kimekaa katikati ya ziwa, pikapu imepaki pembeni, bomba juu ya paa linafuka, na mama mdogo aliyeko Mwanza hakuuliza habari ya baridi wala samaki, akauliza moja tu: sasa huo moto mnaowasha humo ndani hauyeyushi barafu mkaenda na maji? Nikaanza kumrekodia voisi, ilivyofika dakika tisa nikaona bora niandike, maana ni swali zuri sana na jibu lake ndo siri yote ya jinsi hivi vibanda vinavyojengwa.

Mimi naishi Minnesota, jimbo la kaskazini mwa Marekani linalopakana na Kanada. Lina maziwa 11,842 ukihesabu yale ya ekari 10 na kuendelea, na Januari kukuta asubuhi nyuzi hasi 20 za Selsiasi ni jambo la kawaida, kwa hiyo maziwa yanaganda miezi na miezi. Watu hawakai ndani kulalamika, wanabeba nyumba wanahamia ziwani kuvua samaki kupitia matundu wanayotoboa kwenye barafu. Ziwa kama Mille Lacs, lenye zaidi ya kilomita za mraba 500, likishaganda vizuri unakuta mtaa kabisa wa vibanda, na wenye kambi za wavuvi wanasafisha barabara juu ya barafu wakisukuma theluji pembeni, gari zinapita, jioni unaona taa madirishani kama kijiji.

Tuanze na kilichoko chini ya miguu. Maji yakipoa yanakuwa mazito yanashuka chini, ila yakifika nyuzi 4 yanageuza tabia, ukizidi kuyapoza yanakuwa mepesi, ndo maana ziwa linaganda kuanzia juu na samaki wanaendelea na maisha yao chini. Barafu yenyewe ni nyepesi kuliko maji kwa kama asilimia 8 hivi, inaelea. Wengi tunadhani imekaa kama zege la ghorofa lililoegemea kuta za pembeni, hapana, inabebwa na maji kutoka chini, ukiweka mzigo inabonyea kidogo sana kwa eneo pana na maji yanaisukuma juu, ni kama mtumbwi ukipanda, unashuka kidogo na unakubeba. Kazi ya unene ni kutawanya uzito usikae sehemu moja ukatoboa. Na unene ukiongezeka mara mbili, uwezo wa kubeba unapanda kama mara 4. Idara ya maliasili ya jimbo inashauri angalau sentimita 10 za barafu mpya angavu kwa mtu anayetembea, kama 25 kwa gari dogo, 33 kwa pikapu ya wastani, na 50 kwenda juu kwa pikapu kubwa inayovuta nyumba ya magurudumu. Hiyo ni barafu angavu, ile nyeupe iliyochanganyika na theluji ina nguvu kama nusu tu, na kwa usalama wanakuambia udai unene mara mbili. Na haupimi mara moja ukamaliza, unapima unavyoenda, maana penye mkondo au chemchemi hatua chache mbele mambo yanakuwa mengine kabisa.

Sasa moto. Kuyeyusha kilo moja ya barafu kunataka joto sawa na lile la kuchukua kilo moja ya maji kutoka nyuzi 0 ukaifikisha karibu 80, yaani karibu na kuchemka, na hapo umepata maji ya nyuzi 0 tu, bado ya baridi. Ukiangalia chini ya kibanda kuna tani na tani za barafu, na pembeni yake hewa ya hasi 20 inainyonya joto usiku kucha. Hita ndogo ya kupasha chumba cha watu wanne haiwezi kushindana na hilo, tena hewa ya moto inapanda darini, miguuni ndo kunabaki baridi. Kwa hiyo ziwa haliyeyuki. Lakini mama mdogo hakukosea kabisa, kwa sababu joto likivuja chini ya sakafu linayeyusha ngozi ya juu tu ya barafu, yale maji yanatambaa chini ya kibanda, usiku yanaganda upya, na sasa kibanda kimeshikwa kama kimepigwa zege. Hapo ndo balaa linapoanzia, na ndo maana nasema kila siku kwamba aliyejenga akifikiria baridi peke yake kajenga nusu, maana kinachoharibu hizi nyumba ni joto na pumzi ya waliomo ndani.

Nililijua hilo kwa kushika nyundo. Jirani yangu, mzee wa hapa, seremala mstaafu, aliamua kujenga kipya cha futi 8 kwa 12 nami nikawa namsaidia wikendi za vuli nzima. Muda mwingi kuliko wote ulienda kwenye sakafu. Chini kabisa mbao mbili nene zilizochongwa ncha zikapinda juu ili kiteleze kikivutwa (wenye hela wanaweka fremu ya chuma yenye magurudumu na winchi ya kuishusha mpaka kwenye barafu), juu yake fremu, katikati ya fremu vipande vya foamu ngumu ya inchi 2, kila upenyo tukaujaza foamu ya kopo, halafu plaiwudi nzito. Kuta ni mbao za mbili kwa mbili, sio mbili kwa nne, maana kila kilo unayoongeza utaidai barafu ikubebee, na mbao ya mbili kwa mbili ikisharandwa inabaki inchi 1 na nusu, sawasawa na foamu ya inchi 1 na nusu, inaingia pale bila kukata. Nje alumini nyembamba, ndani mbao za msonobari za kuchomekeana, tukapiga vanishi mara mbili.

Na matundu ya kuvulia yanakatwa kwenye sakafu yenyewe, mapana kidogo kuliko keekee ya inchi 10 inayotoboa barafu, yamepangwa kando ya ukuta ili mtu akae kwenye benchi tundu liko mbele ya magoti. Kutoka sakafuni mpaka kwenye barafu unaweka kama shingo ya plastiki kuzuia upepo, ukiisahau hiyo upepo wa chini utakutafuna miguu hata hita iwe kubwa namna gani.

Kitu kilichonifundisha kuliko vyote kilikuwa skrubu. Usiku wa kwanza tumelala humo, nje hasi 26, ndani tumevaa shati, natupa macho ukutani naona vichwa vya skrubu vimeota weupe, kila kimoja kama kipande kidogo cha pamba, vimejipanga mstari juu mpaka chini. Mzee akavigusa na kidole akaniambia zile ni pumzi zetu. Skrubu zilikuwa ndefu, zilipita ukutani mpaka kwenye alumini, chuma kinaleta baridi ya nje ndani, mvuke ukigusa pale unaganda, kukipambazuka unayeyuka unatiririka ndani ya ukuta, na hapo ndo mbao zinapoozea. Tulizing'oa zote tukaweka fupi, na kabla ya kurudisha mbao tukatandika nailoni nzito ukuta mzima upande wa ndani, jointi zote tukaziba kwa tepu.

Mvuke wenyewe sio wa pumzi tu. Gesi ya propani ikiungua inatengeneza maji, kilo moja ya gesi inatoa kama kilo 1.6 za maji, kwa hiyo ukiwasha hita isiyo na bomba la kutolea nje unajimwagia ndoo hewani bila kuona. Tena hiyo ni nafuu, kubwa zaidi ni ile sumu ya kaboni monoksaidi, haina harufu, haina rangi. Kwetu tunaijua vizuri, ni ile ile inayoua familia zinazolala na jiko la mkaa mlango umefungwa. Hapa inaua wavuvi. Kwa hiyo hita inayovuta hewa kutoka nje na kutoa moshi nje, matundu mawili ya hewa, moja chini moja juu, na kengele ya kupima hiyo sumu yenye betri nzima, hivyo havina mjadala. Mtungi unakaa nje, maana propani ni nzito kuliko hewa, ikivuja ndani inalala sakafuni inasubiri cheche.

Kuna aina moja ya kibanda naipenda sana, hakina dirisha hata moja. Kinaitwa nyumba ya giza. Ndani giza totoro, katikati wanakata shimo kubwa la mraba, na kwa sababu mwanga wa jua unapenya kwenye barafu ya nje, maji chini yanawaka kijani kama tivii, unaona mpaka majani ya chini, samaki akipita unamwona kabla hajakuona. Wanashusha samaki wa bandia aliyechongwa kwa mbao, wanamchezesha kwa uzi, samaki mkubwa akija kuchungulia anachomwa mkuki. Ni ujuzi wa wenyeji wa asili, Waojibwe walikuwa wanalala kifudifudi juu ya barafu wamejifunika ngozi au blanketi kutengeneza giza lile lile, mkuki mkononi.

Kikishafika ziwani, kibanda hakikai moja kwa moja kwenye barafu. Unakinyanyua kwa jeki unakiweka juu ya vipande vya mbao kila kona, unaangalia na pimamaji, halafu theluji unaisukumia pembeni kuziba upepo. Baada ya siku chache zile mbao zinaanza kuzama taratibu, unapiga jeki tena unabadilisha. Na sheria inakubana, maana kibanda lazima kiondoke ziwani, kusini mwa jimbo mwisho Jumatatu ya kwanza ya Machi, kaskazini Jumatatu ya tatu, ukichelewa utakuwa unakichimbua kwa shoka na msumeno huku barafu inazidi kulainika.

Sisi tulikitoa wiki moja kabla. Mbao za kona zilikuwa zimezama kama vidole vitatu, tukazigonga zikatoka. Pale kiliposimama tukatoboa tundu jipya, tukatoboa lingine hatua kumi nje sehemu iliyopigwa upepo haina theluji, tukapima yote. Nje barafu ilikuwa nene zaidi. Chini ya kibanda haikuyeyuka, ilichelewa tu kukua, kwa sababu sakafu na theluji ya pembeni viliifunika kama blanketi baridi ikashindwa kushuka. Nimempigia mama mdogo nikamwambia hivyo, kanyamaza kidogo, kaniuliza: na samaki mlipata wangapi?