Fao la kujitoa: kwa nini barua ya kuacha kazi haiwezi tena kukupa michango yako

Fao la kujitoa ni fedha aliyokuwa akilipwa mwanachama wa mfuko wa hifadhi ya jamii akiacha kazi kabla ya umri wa kustaafu, kisha akadai michango yake arudishiwe. Anaandika barua, anasubiri, anachukua chake, na uanachama wake unaishia hapo. Hakuna pensheni itakayomsubiri mbele.

Neno hili bado liko midomoni mwa watumishi wa umma Tanzania, ingawa sheria ilishaachana nalo. Utalisikia kwenye vyumba vya walimu na kwenye korido za halmashauri, hasa katikati ya mwezi, mshahara ukiwa umekwisha na mkopo wa kausha damu, ule wa riba ya kuumiza, ukidai. Mtu anahesabu miaka yake kumi kazini, anazidisha makato, anapata mamilioni kadhaa, na kuanzia hapo kazi inaonekana kama mlango uliosimama kati yake na hela yake.

Mwaka 2012 Bunge lilipitisha marekebisho ya sheria za mifuko yaliyoliondoa fao hili. Waliopiga kelele zaidi walikuwa wafanyakazi wa migodini, na hoja yao haikuwa ya kijinga: ajira ya mgodi ni ya mkataba, afya huisha mapema, na kumwambia mtu wa miaka 32 aliyepunguzwa kazi asubiri hadi 55 ni kumwambia akale hewa. Serikali ikalegeza, mjadala ukaendelea miaka kadhaa. Kisha ikaja sheria ya 2018 iliyounganisha mifuko ya pensheni ya PSPF, PPF, LAPF na GEPF kuwa PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma, ulioanza kazi Agosti 2018. NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, ikabaki na sekta binafsi na waliojiajiri. Humo ndimo fao la kujitoa lilipozikwa, na mahali pake likawekwa fao la kukosa ajira.

Watu wengi huyachanganya mawili haya, na kosa hilo lina gharama. Fao la kukosa ajira ni la aliyeachishwa, si la aliyeacha. Aliyechangia angalau miezi 18 hulipwa asilimia 33.3 ya mshahara wake kwa miezi sita. Aliye chini ya hapo hupewa mkupuo, yaani malipo ya mara moja, wa nusu ya michango yake. Lakini ukiwa umeandika mwenyewe kwamba unaacha kazi kwa hiari, hata kama ni kwa notisi ya saa 24, umejitoa kwenye sifa za fao hilo kwa mkono wako. Michango haipotei. Inabaki mfukoni mpaka ufikie umri wa kustaafu, miaka 55 kwa hiari au 60 kwa lazima. Ndiyo maana nashangaa kila nikisikia mtu akishauriwa “wewe acha tu, utalipwa.” Utalipwa, ndiyo, ila huenda wakati huo mtoto wako wa kwanza atakuwa anatafuta kazi.

Tuje kwenye kauli inayorudiwa kuliko zote: “Ile ni hela yangu, imekatwa kwenye mshahara wangu.” Ni nusu ya ukweli, tena nusu ndogo. PSSSF hupokea asilimia 20 ya mshahara, lakini mtumishi hukatwa asilimia 5 tu. 15 zinatoka kwa mwajiri. Anayelipwa milioni moja anaona shilingi 50,000 kwenye hati ya mshahara. Zile 150,000 nyingine hazioni, na ndizo zinazobeba mzigo.

Jambo la pili ni gumu kidogo kuliona, na nadhani ndilo linalowapotosha wengi. Aliyejitoa alihesabiwa michango iliyokatwa kwenye mshahara wa wakati huo. Kama ulianza kazi na mshahara wa laki nne, miaka ile ya mwanzo ilihesabiwa kwa makato ya laki nne. Pensheni haihesabu hivyo. Kikokotoo cha sasa, yaani kanuni ya kuhesabu pensheni, kilichoanza Julai 2022, huchukua wastani wa mishahara ya miaka mitatu bora katika miaka kumi ya mwisho, kisha huuzidisha kwa miezi yote uliyochangia na kugawa kwa 580. Kwa maneno mengine, mwezi uliofanya kazi ukiwa kijana wa mshahara mdogo unalipiwa kwa bei ya mshahara wako wa uzeeni.

Chukua mtumishi aliyechangia miezi 360 na wastani wake ni milioni moja kwa mwezi, yaani milioni 12 kwa mwaka. Pensheni yake ya mwaka inakuwa kama shilingi milioni 7.45. Akipewa mkupuo wa asilimia 40 ya pensheni hiyo, sehemu hiyo inazidishwa kwa 12.5 na anaondoka na takriban milioni 37.2, halafu kila mwezi anapokea kama 372,000 hadi anapoingia kaburini. Mwenzake mwenye mshahara huohuo aliyeacha baada ya miaka kumi, hata angeruhusiwa kubeba kila senti, ya kwake na ya mwajiri, angepata milioni 24, mara moja, basi.

Lakini hasira ya watumishi haikuanzia kwenye hesabu hii. Ilianzia kwenye ile ya zamani. Wanachama wa PSPF na LAPF walikuwa wakigawanyiwa kwa 540, wanazidishiwa kwa 15.5, na mkupuo wao ni nusu. Mtumishi yuleyule angeondoka na milioni 62. Kanuni za 2018 zilitaka kuwashusha hadi asilimia 25. Rais Magufuli akazisimamisha Desemba mwaka huo. Zikarudi 2022 na asilimia 33, na mwaka 2024 serikali ikatangaza kupandisha hadi 40 kwa waliokuwa na nusu zamani, na 35 kwa waliokuwa na robo. Mtu aliyejenga msingi wa nyumba akiitegemea milioni 62 utamlaumu vipi akisema bora achukue mapema kabla hawajabadilisha tena? Hofu yake ina sababu. Dawa aliyoichagua ndiyo haipo dukani.

Basi anafika dirishani na bahasha yake: nakala ya barua ya kuajiriwa, hati za mishahara, kitambulisho. Kabla ya kuangalia miezi wala kiasi, karani anatafuta karatasi moja tu, ile inayoeleza ajira ilikomaje. Anaisoma mstari wa pili, “naomba kuacha kazi kwa hiari yangu,” na anamuuliza ana miaka mingapi.

“Arobaini na moja.”

Karani anairudisha barua ndani ya bahasha.