Krioli si lazima awe chotara

Wengi wakisikia neno la Kiingereza creole hudhani tangu mwanzo lilimaanisha chotara wa Kizungu na Kiafrika. Ndiyo maana wapo wanaoshikilia kuwa Joséphine, mke wa Napoleon, alikuwa chotara, kwa sababu tu aliitwa krioli. Alizaliwa Martinique mwaka 1763, katika familia ya walowezi wa Kifaransa wenye shamba la miwa.

Asili ni criollo ya Kihispania na crioulo ya Kireno, na mzizi wake ni kitenzi cha kulea. Krioli alikuwa mtu aliyezaliwa kolonini, si ng'ambo. Garcilaso de la Vega wa Peru, katika kitabu kilichotoka mwaka 1609, anasema Waafrika ndio waliolibuni neno hilo, ili kuwatofautisha wazaliwa wa Amerika na wazaliwa wa Guinea, yaani Afrika Magharibi. Kwangu ushahidi huu una uzito mkubwa: rangi haikuwa hoja. Simón Bolívar, mkombozi wa Amerika Kusini mwenye asili ya Kihispania, alikuwa krioli; na mtoto wa mtumwa aliyezaliwa kolonini aliitwa krioli vilevile. Hata nyanya! Huko Louisiana, Marekani, nyanya za krioli ni zile zilizolimwa palepale.

Maana ya mchanganyiko ilikuja baadaye, ikashika zaidi kwenye lugha, kama Krioli ya Shelisheli yenye msamiati mwingi wa Kifaransa.