Kanisa la parishi la Kiepiskopali ni nini? Mfano wa Christ Church, Philadelphia

Waepiskopali wa Marekani ni Waanglikana. Wamo katika ushirika uleule walimo Waanglikana wa Kenya, Uganda na Tanzania. Wana maaskofu, makasisi na mashemasi, na ibada zao hufuata Kitabu cha Sala. Mwanglikana wa Dodoma au Maseno akiingia kanisani kwao Jumapili hatapata shida kujua lini asimame na lini apige magoti. Kitakachomshangaza ni namna parishi inavyoendeshwa.

Kwetu askofu ndiye humpangia kasisi kituo, na akiona inafaa humhamisha. Kwa Waepiskopali, parishi kamili ni ile inayojitegemea kifedha, nayo humtafuta kasisi wake yenyewe. Kazi hiyo ni ya vestri, baraza la walei (waumini wasio makasisi) wanaochaguliwa na waumini kwenye mkutano wa mwaka. Vestri hushika fedha, hutunza majengo na kumwita kasisi mkuu, ambaye cheo chake ni rekta. Askofu hushirikishwa, lakini si yeye anayemchagua. Kanisa lisiloweza kujitegemea ni misheni, na huko ndiko askofu hutuma mtu wake.

Utaratibu huu ulizaliwa na umbali. Kwa muda wote wa ukoloni wa Kiingereza, Amerika haikuwa na askofu wa Kianglikana hata mmoja. Aliyehesabiwa kuwa msimamizi ni Askofu wa London, ng'ambo ya bahari, na kijana aliyetaka ukasisi ilimbidi apande jahazi hadi Uingereza akabarikiwe. Katikati ya pengo hilo walei walishika usukani, na hawakuuachia tena.

Christ Church ya Philadelphia inaonyesha jambo hili vizuri kuliko makanisa mengi ya umri wake. Mji huo uko Pennsylvania, iliyokuwa koloni la William Penn, mfuasi wa Wakweka, Wakristo wasiotaka makasisi wala mapambo katika ibada. Lakini katika hati ya mfalme ya 1681 iliyompa Penn nchi hiyo, Askofu wa London alihakikisha kinaingizwa kifungu kimoja: wakazi 20 wakiomba mhubiri, wapewe. Parishi ilianzishwa mwaka 1695. Birika lake la ubatizo lilitoka London, katika kanisa la All Hallows karibu na Mnara wa London, na ndilo alimobatizwa Penn mwenyewe mwaka 1644, kabla hajawa Mkweka. Sijui kama wazee wa parishi walicheka walipolipokea, ila sababu ya kucheka walikuwa nayo.

Jengo tunaloliona leo lilianza kujengwa mwaka 1727 na kukamilika 1744. Msimamizi wa ujenzi hakuwa mjenzi. Alikuwa John Kearsley, tabibu na mjumbe wa vestri. Mtindo ni ule wa Kijojia, wa enzi za wafalme walioitwa George, uliotawala London wakati huo: kuta za matofali ya kuchoma, safu mbili za madirisha, nguzo nyeupe ndani zikibeba matao, roshani pembeni, na nyuma ya meza ya Bwana dirisha kubwa la sehemu tatu, ya katikati ikiwa na tao juu. Hakuna giza la makanisa ya zama za kati hapa. Mwanga unamwagika, kwa sababu watu walikuja kusoma sala kitabuni na kusikiliza mahubiri. Mimbari ya 1769, yenye umbo la bilauri, ilitengenezwa ili mhubiri aonekane na asikike hadi roshani. Viti vilikodishwa kwa familia, na kodi hiyo ilikuwa sehemu ya mapato ya parishi. Benjamin Franklin, mwanasayansi na mwanasiasa maarufu wa mji huo, alikuwa na kiti chake, na George Washington alisali hapo alipokuwa rais.

Mnara wa mbao, ulioongezwa mwaka 1754 na fundi Robert Smith, una urefu wa takriban mita 60. Katika mji wa Wakweka wenye nyumba za ibada zisizo na madoido, ulikuwa ni kujitangaza waziwazi. Fedha zilichangishwa kwa bahati nasibu, na Franklin alikuwa mmoja wa walioisimamia.

Uamuzi mzito kuliko yote uliofanywa na vestri hii ni wa tarehe 4 Julai 1776, siku ya Tangazo la Uhuru wa Marekani kutoka kwa Uingereza. Siku hiyo wajumbe walikubaliana kwamba sala za kumwombea mfalme ziondolewe, na jina la George wa Tatu likakatwa kwa wino kitabuni. Rekta Jacob Duché alikubali, ila mwaka uliofuata alimwandikia Washington, wakati huo jemadari wa jeshi la Marekani, akimsihi aachane na uhuru, kisha akahamia Uingereza.

Aliyemrithi, William White, ndiye aliyeligeuza zoea la walei kuwa katiba. Mwaka 1782 alichapisha kijitabu kilichopendekeza kanisa litawaliwe na makasisi na walei kwa pamoja. Mkutano mkuu wa kwanza wa Waepiskopali ulifanyika Christ Church mwaka 1785. Mwaka 1787 White aliwekwa wakfu London kuwa askofu, akarudi akaendelea kuwa rekta wa parishi yake hadi alipofariki 1836.

Sauti hiyo ya walei, hata hivyo, haikuwa ya wote. Absalom Jones, aliyezaliwa mtumwa huko Delaware, aliongoza Waafrika wa mji huohuo kujenga kanisa lao la Mtakatifu Thomas, lililofunguliwa 1794. Dayosisi ililipokea mwaka huohuo, na mwaka 1795 White akambariki Jones kuwa shemasi. Ilikuwa parishi yenye vestri yake na mali yake. Lakini sharti la kupokelewa lilikuwa kwamba isitume wajumbe kwenye mkutano wa dayosisi, na sharti hilo lilidumu hadi miaka ya 1860.