Kidhibiti katika jaribio la mimea ni nini?

Kidhibiti ni kundi la mimea lisilopewa kile kinachojaribiwa, ila kwa mambo mengine yote linatunzwa sawasawa na mimea iliyopewa. Wengi hushika nusu ya kwanza ya maelezo haya na kuiacha ya pili. Kopo la kidhibiti linatupwa nyuma ya darasa, linamwagiliwa siku mtu akikumbuka, kisha inaandikwa kwa furaha kwamba mbolea imefanya kazi.

Tuchukue swali la huku kwetu Mwanza. Magugu maji yanalisumbua ziwa tangu karibu mwaka 1990. Je, yakiozeshwa yawe mboji, yatastawisha mchicha? Mwanafunzi wa Nyegezi anachota udongo wa kichanga, anajaza makopo kumi, matano anayachanganyia mboji na matano anayaacha. Haya ya pili ndiyo kidhibiti. Udongo wote utoke shimo moja, mbegu zitoke pakiti moja, maji yapimwe kwa kikombe kilekile, saa ileile.

Kwa nini matano na si moja? Mbegu hazifanani. Moja huchelewa kuota kwa sababu zake yenyewe, na ikitokea ndiyo pekee uliyonayo, jaribio limekwisha.

Mahali pa kuweka makopo nako kuna mtego, maana ya dirishani hupata jua zaidi. Yape namba, kisha piga kura lipi likae wapi. Aliyeufanya upangaji huu wa kura kuwa kanuni ya majaribio ni Ronald Fisher, mtakwimu wa Uingereza aliyeanza kazi katika kituo cha kilimo cha Rothamsted mwaka 1919.

Sasa penye ugumu wenyewe. Kichanga hupitisha maji upesi, na mboji huyashika. Mchicha wa kwenye mboji ukinawiri, umenufaika na virutubisho au na unyevu tu? Kidhibiti kimoja hakiwezi kujibu. Ongeza kundi la tatu: kichanga kitupu, lakini maji yake yawe yamelowekewa mboji na kuchujwa. Likistawi kuliko kidhibiti, virutubisho vina mchango. Likibaki nyuma pamoja na kidhibiti huku la mboji likistawi, shuku unyevu kwanza. Kuna watakaokushauri uweke maranda ya mbao badala ya mboji ili yashike maji. Mimi siyapendi, kwa sababu yakioza, vijidudu huchukua nitrojeni ya udongoni na miche inadhoofu, na hapo ulinganisho umeshaharibika.

Halafu kuna rula. Kimo peke yake kinadanganya: mche uliokosa mwanga hurefuka haraka, mwembamba, wa manjano, na kwenye daftari utaonekana mshindi. Hesabu majani pia, na mwishoni ng'oa miche, osha udongo wa mizizi, kausha juani mpaka uzito usipungue tena, ndipo upime. Mche mkavu wa mchicha ni mwepesi mno kwa mizani ya dukani, kwa hiyo tumia ya maabara. Kama haipo, pima miche yote ya kundi kwa pamoja, ingawa hapo unapoteza habari ya tofauti kati ya kopo na kopo.